Jiwe Jekundu Kutoka Namawala

Siku mliyoniaga mlinivika kitenge, mkanilisha wali na kambale mpaka nikashindwa kuinuka, kisha mmoja wenu akasema, "Mama Adelina, tuandikie basi namna ya kuyajua mawe, kabla hujasahau." Nilicheka, ila lile "kabla hujasahau" lilinichoma kidogo. Nimekaa hapa nyumbani Katindiuka tangu siku hiyo. Asubuhi nafukuza ndege kwenye mpunga, mchana sina kazi. Kwa hiyo naandika, na mnisamehe mwandiko. Mikono hii imezoea kushika kitu kidogo kuliko kalamu.

Habari za vyeo sitaziandika. Katika karakana yetu cheo kikubwa kilikuwa kushika funguo, na mshika funguo ndiye aliyefagia. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifundisha, na jiwe moja lililokaribia kutufungia mlango.

Nilianza kwa kutoelewana. Nilikuwa fundi cherehani pale Ifakara, kwenye kibaraza cha duka la mtu, nashona sare za shule. Mteja wangu mmoja akaniambia kuna mzee upande wa pili wa soko anatafuta binti anayejua kukanyaga cherehani. Nikavaa gauni nililolishona mwenyewe ili lijisemee, nikaenda na futi shingoni. Nikamkuta mzee mrefu, mkavu, ameinamia cherehani lisilo na kichwa. Mahali pa kichwa palikuwa na sahani ya shaba iliyolazwa, na juu yake kopo lililotobolewa likidondosha maji tone kwa tone.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unaweza kukanyaga kwa mwendo mmoja? Bila kukimbia na bila kulegea?"

"Naweza."

"Kwa muda mrefu?"

"Nimeshona sare za shule nzima."

"Basi kaa. Hilo futi litoe shingoni, litanaswa."

Nikakaa, nikakanyaga. Sahani ikazunguka. Yeye akachukua kijiti chenye kitu kidogo kilichogandishwa kwa nta ya lakiri kwenye ncha yake, akakigusisha kwenye shaba, nikasikia mlio kama wa mtu anayesaga meno. Nilikanyaga mpaka mchana kabla sijathubutu kuuliza tunashona nini.

"Tunakata mawe," alisema. "Umeme wa hapa unakatika uso wa jiwe ukiwa umechongwa nusu, linaharibika. Mguu wa mwanamke anayeshona haukatiki."

Huyo ndiye Fundi Ngonyani. Alikuwa Mngoni wa Songea, na maisha yake mengi ameyamaliza kwenye karakana ya mashamba ya miwa, akichonga vyuma kwenye mashine. Alipoacha kazi hakurudi kwao. Alisema mkewe amezikwa huku na yeye ameshazoea mbu wa huku. Kukata mawe alijifunza kwa mtu mmoja aliyekuwa akipita kwenda Mahenge, na vifaa vingine vyote alivibuni mwenyewe. Siku hizo daraja la mto Kilombero halijajengwa, watu walivuka kwa kivuko, na mawe ya Mahenge yalikuja upande wetu ndani ya mifuko ya mashati, kwenye vikopo vya ugoro, hata kwenye soksi. Hayo ya soksi tuliyaosha kwanza.

Baada ya muda Fundi aliona miguu yangu inatosha, akataka kuniona macho. Akaniletea sinia lenye mawe yaliyokwisha kung'arishwa, yote mekundu, akaniambia, "Chambua." Mimi tangu utoto nachambua mawe kwenye mchele, kwa hiyo nikajiona nimefika nyumbani. Nikayatenga kwa rangi: yaliyoiva sana huku, ya waridi kule, yaliyoelekea zambarau pembeni. Nilipomaliza nikaegemea nyuma kama mtu aliyefaulu mtihani.

Akayachanganya yote kwa kiganja kimoja.

"Umechambua kanga," alisema. "Kanga moja watu wengi wanaweza kuivaa. Mimi nimekuuliza watu."

Kuanzia hapo nikaanza kujifunza, na ninyi pia anzieni hapo. Jiwe ghafi linakusaidia, lina umbo lake na ganda lake, mchimbaji anaweza kulijua hata kabla ya kuliosha. Likishang'arishwa vyote hivyo vimeondoka. Kioo cha chupa kilichokatwa vizuri na rubi iliyokatwa vizuri vinakaa mezani kama ndugu. Ni lazima uulize maswali mengine.

Fundi alinifundisha kwanza kuligusisha jiwe kwenye mdomo wa juu. Jiwe la kweli ni la baridi, na linakaa na baridi yake. Kioo kinapata joto upesi. Nilibandika mawe mdomoni wiki nzima mpaka wapita njia wakaanza kuniuliza kama ni dawa. Kisha akanipa lenzi, nitazame kingo ambapo uso mmoja unakutana na mwingine. Kwenye rubi kingo zinakuwa kali kama mkunjo wa suruali iliyopigwa pasi. Kwenye kioo kingo zinalegea, zinakuwa za mviringo, na ndani mara nyingi kuna mapovu. Akanionyesha jinsi ya kutazama ndani ya jiwe mpaka kwenye kingo za nyuma: katika mawe mengine zile kingo zinaonekana mbilimbili, kama maandishi ya mtu aliyesukumwa, na katika mengine zinabaki mojamoja daima. Alikuwa pia na mizani ndogo aliyoitengeneza kwa waya na uzi, ya kupima jiwe likiwa kavu, kisha likiwa ndani ya maji. Mawe mawili yanayofanana rangi hayapungui sawa majini.

Kulikwaruza jiwe la mtu ili kujua ugumu wake alikataza kabisa. Na kuliuma. Kuna watu wanauma.

Kifaa nilichokipenda zaidi kilikuwa kipande cha plastiki cha kijivu, kidogo kama kucha, alichokibandua kwenye kioo cha kikokotoo kilichokufa. Unaliweka jiwe jekundu mbele ya tochi, unalitazama kupitia kile kipande, halafu unakizungusha polepole. Rubi hubadilika. Wekundu wake unaelekea zambarau, ukizungusha zaidi unaelekea rangi ya chungwa, kisha unarudi. Spineli, jiwe jekundu ambalo siku hizo lilikuwa na bei ndogo kuliko rubi, haibadiliki hata ukizungusha mpaka betri ziishe. Ganeti nayo haibadiliki. Ila spineli ya Mahenge ukiitoa juani inawaka kama kaa, na ganeti juani inazidi kununa. Nilipoona rubi ikibadilika mara ya kwanza nilipiga kelele, Fundi akadhani nimejikata.

Kila jiwe nililolishika aliniuliza swali moja: "Unaona nini?" Hakutaka jina, alitaka nieleze. Naona mapovu mawili karibu na mshipi, pale jiwe linapopanuka zaidi. Naona kingo moja moja. Naona kitu kama unywele. Yeye alisikiliza ameelekeza uso barabarani, akitikisa kichwa, na nikimaliza ndipo anasema, "Basi ni nini?" Nikikosea tunabishana. Nilifikiri huo ndio ualimu wake, na niwaambie kweli, hata leo sijaona ualimu mzuri zaidi.

Na alikuwa na desturi moja ambayo nimewarithisha bila kuwaambia imetoka wapi. Mtu akileta jiwe na likawa kioo, kwanza anapewa kiti. Siku moja mtu alileta zumaridi iliyokuwa chupa ya soda. Fundi akamkalisha, akamuuliza habari za nyumbani, akamuuliza kama amekula, ndipo akamwambia. Yule mtu alikaa kwenye kile kiti mpaka tukafunga.

Sasa nije kwenye jiwe lenyewe.

Mwaka wangu wa pili wa kazi, masika yakielekea kwisha, mama yangu aliugua kule Mkula, nikaomba ruhusa kwenda kumuuguza. Alipopata nafuu nikarudi. Fundi akaniambia nilipokuwa sipo amepata kazi nzuri, jiwe kubwa kiasi, la mfugaji mmoja wa Namawala. Amelikata na kulirudisha.

"Jiwe gani?" nikauliza.

"Jekundu."

"Jekundu gani?"

"Jekundu, Adelina. Washa koroboi, kuna lakiri ya kuyeyusha."

Nilishangaa kidogo, kwa sababu mzee huyu hakuwahi kumwacha mteja aondoke bila kumwambia ameshika nini. Lakini mama alikuwa bado yuko kichwani mwangu, nikawasha koroboi.

Hazikupita wiki nyingi, yule mfugaji akaja. Jina lake Masanja. Alikuwa Msukuma mwenye kifua kipana, amejitanda shuka, ameshika fimbo, na nyuma yake ndugu zake wawili. Salamu alitoa, kwa sababu alikuwa mtu mwenye adabu hata akiwa na hasira. Kisha akafungua kitambaa, akaweka jiwe mezani.

"Fundi, jiwe langu liko wapi?"

"Si hilo hapo?"

"Hili si langu. Langu lilikuwa rubi. Nimempelekea dalali pale sokoni, amelitazama akacheka. Anasema hii ni spineli. Sasa nakuuliza kama mzee wangu, rubi yangu umeiweka wapi?"

Fundi hakulishika jiwe. Alilisukuma upande wangu kwa kidole. "Adelina, litazame."

Nikalitazama. Lilikuwa jiwe zuri mno, wekundu wenye uwaridi kwa mbali, safi. Baridi ilikuwa ya jiwe. Kingo za nyuma moja moja. Nikawasha tochi, nikazungusha kile kipande cha plastiki, nikazungusha tena nikiomba Mungu libadilike. Halikubadilika.

"Unaona nini?" aliuliza Fundi.

Ningeweza kunyamaza. Nikaeleza nilichokiona, na mwisho nikasema, "Ni spineli."

"Mmesikia!" Masanja aliwageukia ndugu zake. "Hata binti yake anasema!"

Mmoja wa wale ndugu alitaka tuburutwe polisi pale pale. Mnaifahamu kazi yetu. Mtu anatupa jiwe limejaa udongo, tunamrudishia kitu kingine kabisa chenye umbo jingine, kidogo kuliko alichotuletea. Tunaishi kwa kuaminiwa tu. Neno "wamebadilisha" likishatembea sokoni, hakuna atakayeleta tena hata kokoto. Fundi alisema kwa sauti ile ile ya siku zote kwamba hakubadilisha kitu, na kwamba atakwenda mwenyewe Namawala kulisema hilo mbele ya mwenyekiti wa kijiji, watu wakisikia. Masanja akakubali. Alipokuwa akitoka aligeuka, hasira imempungua, akasema jambo ambalo sikulisahau.

"Mzee, mimi niliambiwa mifugo itaondolewa huku bondeni. Sijui kama ni kweli, lakini nimeshahamishwa mara nyingi. Nikatoa ng'ombe wangu wazuri kwa lile jiwe, ili nikiondoka niondoke na kitu ambacho hakuna mtu wa kukizuia njiani. Nilikuwa na utajiri wa kuweka mfukoni. Sasa mfukoni nina nini?"

Akaondoka, ndugu zake nyuma yake.

Kwenda Namawala tulitumia baiskeli. Fundi alisema goti linamsumbua, kwa hiyo niliendesha mimi, yeye akakaa kwenye keria amekumbatia mfuko wa vifaa. Kukanyaga ndiyo kazi niliyoajiriwa, sikulalamika. Mpunga ulikuwa umeanza kuwa wa njano pande zote. Njiani aliniuliza mara kadhaa tumefika wapi, nikamjibu kwa mkato, pumzi zilikuwa chache.

Baraza lilikuwa nje ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa Mndamba wa makamo, mpole, mwenye kukohoa kila kabla ya kusema. Wakulima walikuwa wamekuja wengi kuliko shauri lenyewe lilivyostahili, na niliona sura za wengine kwamba wamekuja kumtazama Msukuma akilia. Mmoja akatamka, "Ndiyo ujue mpunga haubadilishwi." Watu wakacheka. Mwenyekiti akakohoa, akamwambia kama hana jambo la maana ana ndege wa kufukuza shambani.

Masanja akaeleza. Fundi akaeleza. Ikawa neno kwa neno, na pale ilionekana wazi tutashindwa, kwa sababu jiwe lililokuwepo halikuwa rubi, na jiwe la kwanza hakuna aliyekuwa nalo. Mwenyekiti aliuliza kama kuna shahidi aliyeliona kabla halijakatwa.

Hapo mwanamke mmoja aliyekaa chini, pembeni ya wengine, akasimama. Alikuwa Nkwimba, mke wa Masanja. Mimi nilikuwa namfahamu kwa sura, alikuwa akileta maziwa mjini.

"Jiwe la kwanza lipo," alisema.

Masanja akamtazama. "Lipo wapi?"

"Si ulilipiga nyundo siku uliyolileta, ukataka kuona kama ndani ni jekundu? Kipande kikaruka chini ya kitanda. Ukasema ni takataka. Mimi nikakiokota." Akafungua fundo la kanga yake, akatoa kipande kisichozidi punje ya hindi, kimechongoka, hakijaguswa na fundi yeyote. "Hiki hakijawahi kutoka nyumbani kwangu."

Fundi Ngonyani aliinua kichwa. "Mama, nikuombe hicho. Adelina, toa tochi. Toa na kile kipande chetu cha rubi."

Tulikuwa na kipande kibaya cha rubi ya kweli, chenye nyufa, ambacho Fundi alikihifadhi kwa ajili ya kulinganisha. Mizani ya waya ilikuwa haifai, upepo ulikuwa unaitikisa. Jua nalo lilikuwa kali mno kwa tochi, kwa hiyo ilibidi tujifunike kitenge changu, mimi, mwenyekiti na Masanja, kama watu wanaojifukiza mafua. Nikawaonyesha kwanza rubi. Nikazungusha plastiki.

"Inabadilika," alisema mwenyekiti, akasahau kukohoa.

"Sasa zungusha mwenyewe," nikampa Masanja. Mikono yake ilikuwa mikubwa kwa kile kitu, lakini alikizungusha taratibu sana. Nikaweka jiwe lililokatwa. Halikubadilika. Nikaweka kile kipande cha Nkwimba.

Alizungusha. Akarudia. Akanipokonya tochi akaishika mwenyewe, akarudia tena. Chini ya kile kitenge nilisikia pumzi yake. Kipande kilibaki na wekundu wake ule ule.

"Kwa hiyo halikuwa rubi tangu mwanzo," alisema.

"Tangu lilipotoka ardhini, kaka."

Tulipofunua kitenge, mwenyekiti alitangaza kwamba fundi hakubadilisha kitu. Watu wakaanza kuinuka. Mimi nilianza kufunga vifaa, moyo mwepesi. Lakini Masanja hakuinuka.

"Bado nina swali," alisema. "Nakubali hukubadilisha. Lakini wewe ni fundi wa mawe. Binti yako amelitazama mara moja akalijua. Wewe ulikaa nalo, ukalikata kila upande. Kwa nini hukuniambia? Ungeniambia siku ile, ningemfuata aliyenipa kabla hajavuka mto."

Nilimgeukia Fundi nikingoja jibu, kwa sababu na mimi nilikuwa nalitaka. Angeweza kusema hakuulizwa. Angeweza kusema kazi yake ni kukata, na watu wangemwelewa, baraza lilikuwa limeshamsafisha.

"Sikuliona," alisema.

"Hukuliona vipi, na umelikata?"

"Nililikata kwa vidole na masikio. Jiwe likikaribia kung'aa sauti yake kwenye sahani inabadilika. Rangi nilisikia kwako. Uliposema jekundu, na mimi nikasema jekundu. Macho yangu yana ukungu, ndugu yangu, tangu mwaka juzi. Barua sisomi. Baiskeli siendeshi, nasingizia goti. Huyu binti ndiye anayeona, na yeye hajui."

Watu wote wakanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika lakiri mkononi, sikujua niiweke wapi. Lile "Unaona nini?" la kila siku, uso wake ukielekea barabarani. Kumbe hakuwa ananipima. Alikuwa anauliza.

Kulikuwa na minong'ono. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba sasa hata vipofu wanakata mawe. Na ilikuwa haki yake kusema, kwa sababu Fundi alikuwa amejimaliza mwenyewe mbele ya kijiji kizima, na kijiji kina midomo mpaka mjini. Masanja alikuwa bado anamtazama, na sikuweza kujua anawaza nini.

Aliyesema ni Nkwimba. "Huo ukungu ni mweupe? Kama maji yaliyooshewa kibuyu cha maziwa?"

"Hasa hivyo, mama."

"Ni mtoto wa jicho. Mama mkwe wangu alikuwa nao. Waliuondoa hospitali, sasa anahesabu ndama kutoka mlangoni." Akamgeukia mumewe. "Si ulimpeleka wewe?"

Masanja alijifuta uso kwa shuka. Kisha akainuka, akaja mpaka mbele ya Fundi, akachuchumaa.

"Mzee, umeniumiza," alisema. "Lakini ungeweza kunidanganya hapa na nisingejua. Keshokutwa naleta maziwa mjini. Nitakupeleka kwa wale madaktari. Usiniambie goti."

Njiani kurudi nilikuwa na hasira, nikakanyaga kwa nguvu mpaka keria ikalia.

"Miaka miwili, baba. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kubishana nami," alisema mgongoni kwangu. "Ungeanza kuniambia ndiyo baba, ndiyo baba. Mawe yangetushinda wote wawili."

Masanja alikuja kweli. Alifunga madumu upande mmoja wa baiskeli, akamkalisha Fundi nyuma, akamshika mkono mpaka kwenye benchi la wagonjwa. Walitakiwa kurudi mara kadhaa, jicho moja kwanza, jingine baadaye, na kila mara alikuwa yeye. Sijui walizungumza nini kwenye lile benchi. Najua tu kwamba walirudi wakibishana kuhusu ng'ombe, na Fundi hakuwahi kuwa na ng'ombe.

Jiwe hawakuliuza. Nkwimba alikataa, akasema limeshakuwa na historia kubwa kuliko bei yoyote ya dalali. Siku hizi wageni wanavuka bahari kutafuta spineli za Mahenge, na nyinyi mnajua zinavyogombewa. Masanja na Nkwimba walihama baadaye kuelekea kusini na mifugo yao. Natumaini wanalo bado.

Kipindi kile Fundi alipofungwa bendeji, karakana ilikuwa ngumu. Habari zilikuwa zimefika. Watu walipita, wakachungulia, wakaenda zao. Mteja mmoja alikuja na jiwe, akasema atalileta tena "akipona yule kipofu," akacheka peke yake. Nilikaa nikang'arisha ganeti ndogondogo tulizokuwa tumezinunua wenyewe, nikakanyaga na kukata kwa wakati mmoja, kitu ambacho sikushauri mtu ajifunze. Nilizipanga kwenye sinia. Nilitaka akirudi akute nimefanya kazi. Usiku nilikuwa naogopa kwamba hatarudi na macho, na kwamba nitakuwa nimebaki na cherehani lisilo na kichwa na funguo.

Alirudi asubuhi moja, peke yake, kwa miguu. Nilimwona akiwa bado ng'ambo ya barabara, kwa sababu alisimama kusoma kibao cha duka la jirani, herufi moja moja, kama mtoto. Akavuka. Akaja mpaka mlangoni, akasimama akinitazama.

"Shikamoo, baba."

"Kumbe wewe ni mdogo hivi," alisema. "Kwa jinsi unavyobisha, nilidhani mtu mzima."

Nilianza kulia, na yeye akajifanya anatafuta lenzi. Akakaa kwenye kiti chake, akalivuta lile sinia langu la ganeti, akachukua ya kwanza, akaitazama muda mrefu kwenye mwanga wa mlango. Akachukua ya pili. Ya tatu. Nilisimama nyuma yake nikingoja asifie.

"Adelina."

"Naam, baba."

"Hii mikwaruzo ipo kwenye mawe yote?"

Nikainama. Ilikuwepo. Myembamba, kama nywele, juu ya kila uso, mahali ambapo vidole haviwezi kuisikia, na mimi nilikuwa nimezoea kutazama ndani ya jiwe, si juu yake.

"Na yale mengine tuliyowapa watu miaka yote hii?"

Aliliweka chini lile jiwe taratibu, akavua shati la juu akalitundika kwenye msumari, akavuta kopo la maji karibu na sahani.

"Rudia yote," alisema. "Kanyaga, nione."